Mwaka wa Kumwanzishia Daudi Uji

Tulipoanua matanga ya mama mkwe wangu kule Lingeka, wanawake tulibaki jikoni tukisugua masufuria, na Neema, mke wa mwanangu Daudi, alikuwa amekaa kwenye kigoda ananyonyesha huku akisoma simu. Akasema kwa sauti, bila kumlenga mtu, kwamba daktari wa watoto amemtumia maelekezo. Mtoto akifikia kuanza kula, asicheleweshewe karanga wala mayai wala samaki. Apewe kidogo, kimoja baada ya kingine, na aangaliwe. Karanga isagwe iwe laini kabisa, ichanganywe kwenye uji, asipewe punje hata siku moja. Na kwa vile baba yake ana ule mzio wake, kijiko cha kwanza apewe hospitalini, daktari akiwa pale pale. Wenzangu wakacheka. "Daktari wa kutufundisha kula karanga, Usukuma hii!" alisema mmoja, na wengine wakapigiana viganja. Mimi niliacha sufuria kwenye maji nikatoka, nikaenda kusimama nyuma ya zizi. Walioniona walidhani namlilia marehemu. Nilikuwa namlilia, ndiyo, lakini zaidi nililia kwa hasira, kwa sababu maneno yale ambayo Neema aliyasoma huku akijikuna kisigino ndiyo niliyoyatafuta mwaka mzima nilipokuwa na umri kama wake, na hakukuwa na mtu wa kuniambia.

Habari za kwetu na za mahari yangu naziacha. Naanzia chumbani. Tulipanga chumba kimoja Bariadi mjini, upande ule ambao msimu wa pamba ukifika huwezi kuanika nguo bila kuokota nyuzi nyeupe juu yake. Tulikuwa na kitanda, stovu ya mafuta ya taa, ndoo mbili, na kamba iliyokatiza kutoka dirishani hadi mlangoni, imejaa nepi. Ukuta wa kututenganisha na jirani yetu Mama Shija haukufika juu, kwa hiyo walichopika tulikinusa na walichosema tulikisikia. Ilikuwa miaka ile ushirika ulipoanza kuyumba na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba. Kila mtu alisema soko huria, hata asiyejua ni kitu gani. Mitumba ilijaa mnadani, maduka ya dawa yalifunguliwa na watu ambao juzi yake waliuza viatu, na Fuso zilishindana kwa honi kuingia vijijini. Mume wangu, Maduhu, aliyekuwa karani wa ushirika, alipata kazi kwa mnunuzi mmoja akapelekwa Mwandoya kupima pamba. Alikuja nyumbani akipata lifti, nyusi zimeganda nyuzi, analala, anaondoka. Sikumlaumu sana. Nilikuwa na mtoto wa kwanza na mama mkwe ndani, nikadhani hao wawili wananitosha kwa shughuli.

Mama mkwe alikuja kunihudumia uzazi akasahau kuondoka. Jina lake Kabula, lakini mimi nilimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu. Alishuka kwenye gari na kapu la michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa juani, na gunia la karanga alizolima mwenyewe. Baba mkwe alilima pamba. Yeye alilima karanga, na Lingeka nzima hakuna aliyemzidi. "Pamba inawashibisha wenye mizani," alisema mara nyingi, hasa mwanawe akiwepo asikie. "Wanangu wote wamekua kwa karanga." Alitafuna karanga akifagia, akichota maji, akisali rozari. Asubuhi tulikula michembe iliyochemshwa pamoja na karanga, mchana mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, na katikati alinijazia kiganja nyingine nitafune ili maziwa yaje. Na maziwa yalikuja. Daudi alinona, isipokuwa mashavu yake yalikuwa na ukurutu uliokuwa ukija na kuondoka, nasi tuliupaka mafuta ya ng'ombe. Mtu angeniambia maji ya kisimani ndiyo yanayomdhuru mwanangu, ningeamini upesi kuliko kuambiwa karanga.

Alipofikisha umri wa kuanza kula, nesi wa kliniki alitukusanya akina mama chini ya kibaraza akatueleza kwamba uji wa mahindi mtupu ni maji ya moto tu. Tuchanganye, alisema, tuweke nafaka, kunde, karanga, na yai siyo la wageni peke yao. Nilimsikiliza kwa moyo wote. Siku hizo sokoni kulikuwa na unga mpya kwenye mifuko ya nailoni, una picha ya mtoto mnene mwenye vishimo mashavuni, na humo ndani ulisagwa pamoja mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga na dagaa. Nilimwomba Maduhu, naye akauleta kwa fahari kana kwamba ameleta redio. Mama mkwe aliumimina kiganjani, akaunusa, akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu amesaga soko zima," alisema. Lakini hakukataza. Alichokikataza ni yai. Asubuhi ileile nilikuwa nimemchemshia Daudi yai nikampa kiini kwa ncha ya kijiko, na mama mkwe alisimama mlangoni ameshika ufagio. "Mtoto hajaota jino unampa yai? Unataka awe bubu?" Nikamwambia ndivyo alivyosema nesi. "Huyo nesi amezaa?" aliniuliza, akaendelea kufagia.

Baadaye nikakoroga uji wa mfuko. Alikula vijiko vichache kwa furaha, anapiga mikono mapajani, kisha akakunja uso na kugeuza kichwa. Nikadhani ni moto. Nilipouonja ulikuwa vuguvugu. Kuinua macho, naona mdomo wake umezungukwa na mabaka mekundu, na mabaka yale yanapanda kwenda kwenye macho huku nikiyaangalia. Kope zikavimba. Akatapika, akalia, na kilio chenyewe kikatoka kikavu, hakikuwa sauti yake. Sikumbuki nilifikaje hospitalini; nakumbuka kanga yangu moja ilibaki njiani na mama mkwe ndiye aliyeiokota. Walimchoma sindano. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, aliniuliza mtoto amekula nini leo. Nikaanza kumtajia: yai, mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, dagaa. Aliacha kuandika. "Vyote hivyo siku moja, na ndiyo mara yake ya kwanza? Sasa mama, mimi na wewe tutajuaje?" Hakunisema vibaya. Aliuliza tu, na swali lile nilirudi nalo nyumbani nikalala nalo kwa miezi. Kwa sasa, alisema, uji wa mahindi peke yake.

Ua mzima ukawa mahakama. Mama mkwe alishtaki yai, na kesi yake ilikuwa imenyooka: alikataza, sikusikia, mtoto kavimba. Mama Shija alishtaki soya, kwa sababu alisikia kuwa ni chakula cha ng'ombe wa Ulaya. Mwenye nyumba alishtaki dagaa, akasema siku hizi wanaanikwa kwenye mchanga wenye kila uchafu. Mpita njia mmoja aliyeomba maji ya kunywa naye alitoa maoni, akasema ni nailoni ile ya mfuko. Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake, na walipokuwa wakibishana kibarazani, mama mkwe aliwapitishia ungo wa karanga za kukaanga, wakatafuna, wakaendelea kubishana. Nami nilitafuna. Hata leo nikiwaona watu wamekaa na ungo wa karanga katikati yao, wanaongea habari zao za kawaida, huwa natamani kuinuka nikauondoe.

Basi tukarudi kwenye uji wa mahindi, mwepesi, wenye chumvi kidogo, na mtoto akaanza kupungua. Hakuna kitu kinachomkatisha mama tamaa kama kumvalisha mtoto nguo ya mwezi uliopita na kuiona inampwaya. Shingo ilikuwa nyembamba, mapaja yalikunjika ngozi. Kliniki walinionyesha mstari kwenye kadi ukishuka, nami nilikuwa nimeshauona nyumbani bila mstari. Nilimnyonyesha mpaka matiti yakawa ngozi tupu. Niliogopa kumpa kitu, niliogopa kutompa. Nilikuwa nampa kijiko kimoja, halafu naweka sikio kifuani kwake nasikiliza, yeye anadhani ni mchezo anacheka, na kicheko chake kinanizuia kusikia. Mchana mmoja nilikuwa nakunja nepi nikamsikia Mama Shija, ng'ambo ya ukuta, akimwambia mumewe kwa sauti ya huruma, "Yule mtoto haumalizi msimu huu wa pamba." Mumewe akasema, "Pole yake," akaomba chumvi. Niliendelea kukunja nepi. Nilizikunja, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Kliniki ikasema aongezewe kitu, vinginevyo hatafika popote. Mama mkwe alipata kazi yake. Alichagua karanga nzuri, akazikaanga kidogo, akazitwanga kinuni mpaka zikatoa mafuta, akatia ncha ya kijiko kwenye uji na kuukoroga huku akiimba. Mimi niliketi pembeni nikamshukuru. "Wabeja, mayu," nilimwambia, na nilimaanisha. Daudi hakumaliza hata kijiko cha tatu. Safari hii macho yalifumba kabisa, na kifuani mlikuwa na mluzi. Sindano nyingine, siku nyingine kwenye benchi la hospitali, na daktari safari hii alikuwa mwingine, ana foleni hadi nje, akasema ni aleji, nisimpe alichokula. Maduhu alipofika, mama yake alimketisha akamweleza, na maelezo yale nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu nami niliyakubali yote. "Leo hakula yai. Hakula dagaa. Hakula vitu vyenu vya soko huria. Amekula karanga zangu, nimezilima kwa mikono hii. Kwa hiyo, mwanangu, siyo chakula." Maduhu aliinamisha kichwa. Mimi pia. Kama karanga za mama zimemvimbisha mtoto, basi ni kweli kuna kitu kingine kinachomvimbisha. Ndivyo tulivyofikiri, watu watatu wenye akili zetu, kwenye chumba kinachonuka karanga.

Kwa mganga walikokwenda sikupelekwa. Nililetewa majibu tu: baba yake mama mkwe, marehemu Nkwabi, anataka jina lake, na mtoto ameitwa Daudi kanisani bila yeye kuulizwa. Mama mkwe aliyekuwa haachi misa aliyasema haya huku rozari ikining'inia shingoni, na sikuona aibu yoyote usoni mwake. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea kama mimi. Kwa kuwa babu alikuwa wa upande wake, yeye ndiye angepaswa kumpa mtoto jina kwa kinywa chake. Mpaka siku hiyo, mganga alisema, mtoto asile kitu, anyonye tu. Na Daudi akapata nafuu! Mabaka yakaisha, akaanza kucheka tena. Mama mkwe aliniangalia, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kumwita mwanangu Nkwabi nikiwa peke yangu naye, ili babu asikie asikasirike.

Tulikwenda Lingeka kwenye Fuso iliyokuwa inakwenda kubeba pamba. Nyumbani kwa wakwe walikuwa wamefagia ua mpaka ardhi inang'aa. Walikuja majirani, tukasalimiana mwangaluka, mwangaluka, ukoo kwa ukoo, na chakula kikatoka kwanza maana wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri: masinia ya michembe na karanga, maziwa mgando kwenye vibuyu. Mama mkwe alikula akiwa amesimama, anahudumia watu, anajitupia punje mdomoni kama kawaida yake. Kisha wakanyamaza. Alichukua bakuli la unga mweupe wa mtama uliokorogwa na maji, akapiga funda, akamsogelea mtoto niliyempakata. Hivyo ndivyo baraka inavyotolewa kwetu, inatoka kinywani kwa mkubwa na kumwangukia mdogo. Akampulizia usoni mara ya kwanza, akasema, "Nkwabi, jina lako hili hapa, mwache mtoto." Akapuliza tena. Daudi alishtuka akafungua mdomo, na ya tatu ikaingia.

Alivimba mbele ya ukoo mzima. Sitaki kueleza zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba midomo iligeuka rangi na ule mluzi ukarudi, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Amekataa." Babu amekataa. Baba mkwe alisimama. Alikuwa mtu mpole, sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza. "Basi siyo jina," alisema. "Ni huyu mama. Babu hamtaki. Mtoto abaki hapa, yeye arudi kwao." Sikungoja amalize. Fuso ilikuwa kwenye kituo cha kununulia, inapakiwa, nami nilikimbia na mtoto mgongoni halafu kifuani, nikampigia dereva kelele kama mwendawazimu. Mama mkwe alikimbia nyuma yangu, mzee yule, bila viatu. Tulibanana mbele kwa dereva, barabara ya Mwandoya ina mashimo yake, na kila shimo niliinamisha sikio nisikie kama bado anapumua. Nilikuwa namfuta uso kwa kanga, unga mweupe umemkaukia mashavuni. Na ndani ya ule unga, pembeni mwa mdomo, niliona kiganda chekundu. Kiganda cha karanga, kile chembamba kinachobaki kati ya meno. Niliking'oa kwa ukucha. Chini yake ngozi ilikuwa imeumuka.

Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa amefumba macho, anasali, na midomo yake ilipofunguka niliona vipande vingine kama kile kwenye fizi zake. Nilikuwa nahesabu vitu kichwani: unga wa mfuko ulikuwa na karanga, uji wa mahindi ulikuwa na karanga, na sasa kinywa. Yai lilikuwepo mara moja tu. Dagaa mara moja. Nilijikuta nacheka, na dereva akanitazama kwa woga akaongeza mwendo.

Kwenye kituo cha afya cha Mwandoya walimwokoa. Sindano, na kukaa naye mpaka kifua kikatulia. Tulihamia kwenye chumba cha Maduhu nyuma ya ghala la pamba, ng'ambo ya barabara, tukalala juu ya magunia. Baada ya siku chache baba mkwe akafika, akaketi, akanywa maji, akasema alichokuja kusema. Mtoto anapelekwa Lingeka kwa bibi yake. Mimi nitaangaliwa baadaye. Maduhu hakumwangalia yeyote. Nilifikiri nyumba ile ya Lingeka, magunia ya karanga yamepangwa hadi darini, kinu kinanukia karanga, bibi ana mapenzi na kiganja kilichojaa, na nikajua wakimchukua hatamaliza hata wiki moja. Nikasema, "Ni karanga." Baba mkwe aliniuliza nimesemaje. Nikarudia. Maduhu alicheka, kicheko kifupi cha aibu, akaniambia, "Nyamaza, mke wangu, usijiongezee." Nikasema ni karanga za kwenye unga, ni karanga za kwenye uji, ni karanga zilizokuwa kinywani kwa mayu alipombariki. Hapo hata Maduhu aliacha kucheka. Nilikuwa nimemwambia mama mkwe wangu, mbele ya mumewe, kwamba kinywa chake kimetaka kumuua mjukuu wake. Baba mkwe alishika fimbo yake ainuke.

Aliyemzuia ni mama mkwe. "Mwache aseme," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ng'wanone, unajuaje?" Mwanangu, aliniita, na hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kufanya nilichofanya. Nikamwomba atafune kipande cha michembe mitupu. Akatafuna. Nikamvua Daudi suruali, nikamwambia ampake kidogo kwenye paja la kushoto. Akapaka. Nikampa maji asukutue, halafu nikampa karanga. Aliishika muda mrefu. "Nikishapaka?" aliuliza. Nikasema, "Paja la kulia, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, halafu tungoje." Madaktari wakisikia habari hii leo wanashika vichwa, na wana haki, sijamshauri mtu yeyote afanye vile, na nimewafokea waliotaka kujaribu. Lakini mimi sikuwa na daktari wa kunisemea. Nilikuwa na mlango ulio wazi, kituo cha afya ng'ambo ya barabara, na miguu yangu. Nilikuwa namdhuru mwanangu kwa makusudi ili wasimchukue wakamuue kwa upendo. Hakuna wakati maishani mwangu niliochukia kuishi kama ule wa kungoja.

Paja la kushoto lilikaa lilivyokuwa. La kulia liliwiva. Kwanza wekundu, kisha uvimbe mweupe katikati, kisha vipele vikitambaa kuzunguka alama ya kidole cha bibi yake, naye Daudi akaanza kujikuna na kulia. Nilimwosha kwa sabuni mpaka maji ya ndoo yakaisha. Baba mkwe alikuwa amepiga magoti, mzee wa watu, uso wake karibu na mapaja ya mtoto, anatazama moja, anatazama lingine. Mama mkwe hakuinama. Aliona kutoka pale alipokaa. Akatema alichobaki nacho mdomoni kwenye kiganja chake na kukikunja ngumi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni karanga, mayu. Siyo wewe."

"Karanga ni mimi," alisema, akainuka akatoka nje.

Mtoto nilibaki naye. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeniomba radhi. Baba mkwe alimaliza maji yake akaniaga vizuri, na Maduhu siku hiyo alipika yeye. Tulirudi Bariadi, na nikaanza kumlisha Daudi upya, kimoja kimoja, kama ambavyo angetaka daktari yule wa macho ya usingizi. Mtama, nikangoja. Maziwa, nikangoja. Yai, huku nimekaa karibu na mlango, nimefunga kanga tayari kwa kukimbia, hakuvimba. Dagaa, hakuvimba. Akaanza kuongeza mwili, na wakati mwingine nililia namlisha. Lakini sikupona. Niliwafukuza watoto wa Mama Shija wasimbusu. Nilinunua sufuria lake peke yake nikalificha chini ya kitanda. Mtu akimshika mkono nilimfuta. Waliniita mwenye maringo, kisha wakaniita mgonjwa, na wote walikuwa wanakaribia ukweli. Mama mkwe hakuja. Watu waliotoka Lingeka walisema ni mzima, yuko shambani. Nilijua nimemvunjia heshima kwa namna isiyorekebishika, na kusema kweli nilikuwa radhi asije kabisa.

Alikuja pamba ilipokwisha. Nilisikia salamu yake uani, mwangaluka, nikatoka na mtoto kiunoni, na nilipomwona nilirudi nyuma hatua moja bila kutaka. Aliiona hatua ile. Hakupanda kibaraza. Hakuwa na kapu. Aliweka rozari yake ndani ya kifua cha gauni, akasimama juani katikati ya ua, Mama Shija na wapangaji wengine wanatazama, na akaniambia nimletee maji na chumvi. Nikamletea. Alisukutua akatema mbali, akasukutua tena, akatoa kijiti cha mswaki kwenye pindo la kanga, akasugua jino kwa jino, nyuma na mbele, ulimi, fizi, mpaka akatema damu. Tangu siku ile ya Mwandoya, alisema, hajala karanga. Amewagawia watu mbegu zote. Kisha mama mkwe wangu, ambaye kwa desturi zetu sikupaswa hata kumkazia macho, alisogea hadi chini ya kibaraza, akainua uso kwenye mwanga, akafungua mdomo wote.

"Angalia," alisema.

Mwanamke mwema angemwambia hapana, mayu, ingia ndani. Mimi niliinama, nikamshika kidevu, nikamgeuza upande huu na upande ule, nikatazama mpaka kwenye magego. Hakufumba mdomo mpaka nilipomaliza. Ndipo nikampa mtoto.